Farasi anapitisha ulimi juu ya lijamu: kabla hujaufunga, mtazame akila

Mkuu, umeuliza kama dawa ya farasi anayepitisha ulimi juu ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuuning'iniza pembeni ni kuufunga kwa kitambaa. Usiufunge kwanza. Huu ni mwaka wangu wa 11 wa usaisi (kutunza farasi) huku Arusha, farasi wa watalii, na ulimi wa namna hiyo mara nyingi unakimbia kitu.

Mtazame akila. Farasi hazoi majani kwa ulimi kama ng'ombe, anayakusanya kwa mdomo wa juu, na mdomo ule ni kidole kabisa. Kuna jike nilikuwa namchanganyia dawa ya unga kwenye pumba: asubuhi pumba hakuna, unga wote uko chini ya ndoo kama umepepetwa! Ulimi unasukuma chakula nyuma kwenye magego, taya la chini linasaga kwa kwenda upande. Sasa taya la juu ni pana kuliko la chini, na meno yanazidi kutoka kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Kingo zisizosagana zinageuka wembe: za juu zinachana shavu, za chini zinachana ulimi.

Tulikuwa na mhasiwa mmoja (dume aliyehasiwa), miezi miwili tunamwita mkaidi. Siku moja nafagia bandani nikakuta vidonge vya majani vilivyotafunwa nusu, vimelowa mate: kumbe alikuwa anatema chakula. Nikapitisha kidole gumba kwenye pengo, pale pasipo na meno ambapo lijamu hukaa, akafungua, nikautoa ulimi pembeni taratibu. (Usiuvute kwa nguvu, umeshikana na mfupa mdogo wa kooni.) Ubavuni mwa ulimi palikuwa na kidonda urefu wa ukucha. Daktari wa mifugo akapiga tupa magego, akang'oa na kijino kidogo kilichoota mbele ya gego la juu. Kile lijamu ilikuwa inakigonga kila hatamu ikivutwa.

Lijamu yenyewe ilikuwa nene, maana wote tuliamini nene ndiyo laini. Lakini mdomo wa farasi ukifumba, ulimi unajaza karibu nafasi yote. Chuma kinene kitakaa wapi? Tukamvalisha nyembamba kidogo, ya viungo viwili (inapinda mahali pawili), tukaipandisha, kwa sababu ilikuwa imelegea chini na kumwachia ulimi njia ya kupita juu. Mkanda wa pua tukaulegeza hadi vidole viwili viingie juu ya mfupa wa pua. Kuubana kunaficha ulimi tu, maumivu yanabaki ndani.

Wiki mbili za kwanza hatukumpanda, tulimtembeza kwa kamba mpaka kidonda kikafunga. Baada ya hapo ulimi ulikaa chini ya chuma, akaanza kutafunatafuna lijamu polepole huku povu jepesi likimtoka midomoni. Jioni akirudi amechoka bado anauchungulisha kidogo upande wa kushoto. Hapo namwacha.