Nyumba za kodi nafuu Ufaransa: pesa inatoka wapi?

Mkuu, umeuliza wenzetu wa Ulaya wanapangishaje nyumba kwa kodi ya chini na aliyejenga asifilisike. Nakujibu kwa Ufaransa, ndiko ninakoishi, tena kwenye nyumba ya HLM, yaani hizo hizo za kodi nafuu.

Huku karibu kila mtu ana akaunti ya akiba iitwayo Livret A. Unaweka hadi euro 22,950, riba haikatwi kodi, na pesa unatoa siku yoyote. Mimi ninayo, mwanangu anayo. Karibu asilimia 60 ya akiba hizo haibaki kwenye benki uliyofungulia. Inakwenda Caisse des Dépôts, taasisi ya umma iliyoanzishwa 1816, ambayo huyakopesha mashirika yanayojenga nyumba za HLM kwa miaka 40, na kwa kununulia kiwanja hata 60. Piga hesabu: deni likitandazwa miaka 40 badala ya 15, rejesho la mwezi linakuwa dogo hadi kodi anayoimudu mfanya usafi inatosha kulilipa. Mara nyingi manispaa ndiyo hudhamini mikopo hiyo, na hapo hupata haki ya kupendekeza wapangaji wa baadhi ya nyumba. Mimi niliingia kwa mlango huo, baada ya kuhuisha ombi langu la nyumba kila mwaka. Usipolihuisha linafutwa, wengi wamelia kwa hilo.

Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, benki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, nayo hukopesha, ila kwa kawaida haivuki nusu ya gharama ya mradi. Kwa hiyo wanaosema humu mtandaoni kwamba Umoja wa Ulaya ndio unawajengea watu nyumba, si kweli.

Ugumu uko kwenye riba. Mikopo ya Caisse des Dépôts inafuata riba ya Livret A. Januari 2022 ilikuwa asilimia 0.5, Februari 2023 ikafika 3. Wenye akiba tulishangilia, kumbe marejesho ya mashirika yanapanda, hata kwa madeni ya zamani. Kwenye ngazi za jengo letu likabandikwa tangazo: kubadilisha madirisha kumeahirishwa. Madirisha yenyewe ya kioo kimoja, Januari unaziba kingo kwa taulo.

Agosti 2025 riba ilishushwa hadi 1.7. Watu walilalamika, lakini mimi niliunga mkono. Hizo euro chache ninazokosa kwenye akiba ni afadhali zijenge, maana bado kuna watu wengi kwenye foleni.