Usilipie semina ya kompyuta kabla hujahesabu kazi za stoo

Wiki iliyopita meneja wa kampuni moja ya kununua na kufungasha asali mjini Tabora ameniandikia. Ana wafanyakazi 34 na fedha kidogo za mafunzo, na anataka kujua awapeleke kwenye semina ipi ya kompyuta na akili mnemba ili kampuni isiachwe nyuma. Dada yangu, kwa sasa usilipie semina yoyote. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako wanalo pia wenye maghala ya tumbaku Urambo, wenye mashine za mawese Kigoma na wenye malori yanayosubiri mizigo bandarini.

Semina ya siku tatu ukumbini hufa kwa njia ile ile kila mara. Watu wanajifunza kwa mifano ya ofisi ambayo si yao, wanarudi kazini na kukuta kompyuta pekee imefungiwa chumba cha mhasibu, na baada ya wiki tatu vidole vimesahau. Mbaya zaidi, anayechaguliwa kwenda ni yule yule kijana anayejua tayari, au ndugu wa mkubwa. Wabeba ndoo na mzee wa mizani hawaitwi kamwe, ilhali kazi zitakazobadilika mwanzo ni zao.

Anza na kazi, vyeo viweke pembeni. Nunua kaunta buku moja kwa kila kitengo. Kwa wiki mbili kila mtu aandike alichofanya na dakika alizotumia, na asiyependa kuandika aandikiwe na mwenzake. Kisha kaeni pamoja, kila kazi itieni alama: N kwa kunakili, P kwa kupima, A kwa kuamua au kuongea na watu. Kazi za N ndizo zitakazochukuliwa na programu, tena mapema. Za P zitabaki kwa mtu anayejua lini kifaa kinadanganya. Za A zitaongezeka, na huko ndiko unakopaswa kuwasogeza watu wako kuanzia sasa.

Chukua meza ya mizani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali huwa na kilo 28 na ushei. Karani anaandika 28.4 kwenye karatasi, jioni anahamishia daftarini, Ijumaa mhasibu anaingiza kwenye kompyuta. Namba moja imeandikwa mara tatu, na mahali fulani 28.4 imegeuka 24.8. Kilo 3.6 zimepotea bila mtu kuiba, na mfugaji wa nyuki wa Sikonge anaondoka akiamini amedhulumiwa. Mfundishe karani kuingiza uzito mwenyewe hapo hapo mizanini, pamoja na namba ya ndoo, kijiji na tarehe. Wanunuzi wa nje wanataka kujua asali imetoka wapi, na kumbukumbu hiyo haitengenezwi baadaye kwa kukisia.

Sasa meza ya pili, ya unyevu. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka maji katika asali ya kawaida yasizidi asilimia 20. Yakizidi, chachu inaamka na asali inachacha ikiwa ndooni. Kifaa cha kupima maji hayo ni rifraktomita, na kukitumia kunafundishika asubuhi moja. Koroga ndoo kwanza, kwa sababu asali yenye maji mengi hukaa juu. Dondosha matone mawili kwenye kioo, funga kifuniko, subiri nusu dakika ili joto la asali na la kifaa yalingane, elekeza kwenye mwanga, soma pale rangi mbili zinapokutana. Kisha osha kioo na ukaushe kabisa. Hapo pa kukausha ndipo watu wanapokosea: tone la maji likibaki kwenye kioo, ndoo inayofuata itasomeka ina maji kuliko ilivyo, na asali nzuri inakataliwa.

Kwa hiyo wa kwanza kufundishwa kifaa hiki awe yule mzee wa stoo anayeinamisha ndoo na kutazama inavyoteleza. Kifaa kikisema 23 na macho yake yakisema asali imekomaa, atarudia kipimo. Kijana mgeni ataandika 23 na kusonga mbele. Kampuni inayomwondoa mzee huyo siku kifaa kinapofika imetupa nusu ya kifaa chenyewe, na jambo hili linaniuma kila ninapoliona likifanyika.

Baada ya hapo chora jedwali la ujuzi kwenye karatasi kubwa ya ukutani: majina kushuka chini, kazi kwenda pembeni. Sifuri ni hajui, 1 anaweza akisimamiwa, 2 anaweza peke yake, 3 anaweza kufundisha. Kila kazi iwe na watu wasiopungua wawili wenye 2 na mmoja mwenye 3. Safu yenye mtu mmoja tu ni hatari; akiugua malaria wiki moja, malipo ya wakulima yanasimama. Kampuni nyingi zina safu kama hiyo kwenye kompyuta, na zinajisifu kuwa zina kijana mkali.

Mafunzo yenyewe yawe saa moja Jumanne na saa moja Alhamisi, asubuhi watu wakiwa hawajachoka, kwa vikundi vya wanne au watano, kompyuta moja kwa watu wawili. Tumia takwimu zenu za mwezi uliopita. Mwalimu asishike kipanya kamwe. Akikishika, mwanafunzi amegeuka mtazamaji. Bandika tafsiri ya Kiswahili pembeni mwa skrini kwa maneno kumi mnayoyatumia zaidi. Na saa hizo zihesabiwe ndani ya saa za kazi. Kikomo cha kawaida cha sheria ni saa 45 kwa wiki. Ukiwabakiza jioni, hiyo ni saa ya ziada na malipo yake ni mara moja na nusu.

Mfumo mpya uende sambamba na daftari kwa wiki nne, kila jioni mlinganishe jumla. Zikitofautiana, anzeni kukagua mizani kabla ya kumlaumu mtu. Wiki ya tano daftari liondoke, kwa tarehe iliyotangazwa tangu mwanzo, la sivyo watu watafanya kazi mara mbili hadi wachukie vyote viwili. Chagua programu inayohifadhi kumbukumbu hata mtandao ukikatika.

Kuhusu akili mnemba sina mengi. Inafaa kuandika rasimu ya barua kwa mnunuzi au kupanga ratiba. Hesabu zake lazima zikaguliwe na mtu, na majina, namba za simu na mishahara ya watu isiingizwe humo ovyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Fedha je? Kampuni yenye waajiriwa 10 au zaidi inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Kwa kiwango hicho, mishahara ikiwa shilingi milioni 12 kwa mwezi, tozo ni 420,000, yaani 5,040,000 kwa mwaka. Sehemu yake inaendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Basi nenda VETA Tabora ukaulize kozi fupi, na hasa utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wako aliyejifunzia kazini miaka kumi anaweza kupimwa na kupata cheti bila kuanza darasani.

Lakini yote haya hayatafanya kazi kama unawaficha. Mfanyakazi akihisi mafunzo ni maandalizi ya kumpunguza, hatakuonyesha njia zake za mkato, na zile ndizo unazozihitaji. Sema wazi tangu kikao cha kwanza: kazi hii ya kunakili itakwisha, wewe tunakuhamishia huku. Kama kweli kuna watakaopunguzwa, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakutaka utoe taarifa, ueleze sababu na kushauriana kabla. Fanya hivyo mapema, kwa heshima, mtu akiwa bado na muda wa kujipanga na familia yake.

Na mwenye alama 3 alipwe kwa kufundisha, iandikwe kwenye mkataba, na siku ya kufundisha apunguziwe ndoo za kupima. Hesabu majuma 11 kurudi nyuma kutoka msimu wa kurina, yaani kuvuna asali: mawili ya kaunta buku, moja la jedwali, manne ya mafunzo, manne ya kwenda sambamba. Wakulima wakishaanza kupanga foleni getini, hakuna atakayekuwa na saa moja ya kukupa.