Nyanya zangu zinatoka kahawia

Mwezi huu wanafunzi wameniandikia sana kuhusu rangi, na wazazi pia. Nimechukua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu shida yake naiona kwa picha nyingi mnazonitumia.

Mwalimu, habari yako. Nasomea upigaji picha, diploma, na nakaa Umoja. Tuliambiwa tupige picha zinazoonyesha uhusiano wa rangi, nikaenda kwa mama mboga wetu, yeye hupanga nyanya vizuri sana alafu pembeni anaweka sukuma wiki, nikajua hapo nimepata nyekundu na kijani. Kufika nyumbani nyanya zimekuwa kahawia kama zimeoza na uso wa mama umekuwa jivu. Nikavuta sacharesheni, ule ukali wa rangi, mpaka mwisho, ikaharibika zaidi, sukuma inang'aa kama plastiki. Ticha aliandika tu "tazama rangi tena". Nitazame nini?

Salama mdogo wangu, na pole. Kwa hiyo picha uliyonitumia kuna kitu kikubwa hukukitaja hata mara moja kwa barua, nacho ni turubai. Mama amefunika kibanda na lile turubai la bluu la kawaida, na wewe umepiga saa sita jua likiwa juu ya kichwa, sasa jua likipita kwa turubai la bluu mwangaza unaofika chini ni wa bluu, nyekundu nyingi imezuiliwa huko juu. Nyanya tunaiona nyekundu kwa sababu inaturudishia nyekundu iliyo ndani ya mwangaza, na kama mwangaza hauna nyekundu ya kutosha itarudisha nini? Ndio inakaa giza hivo. Uso wa mama vilevile, ngozi nyeusi uzuri wake uko kwa ule wekundu na dhahabu ya ndani, ukiunyima mwangaza wa hizo rangi unabaki na jivu.

Wewe mwenyewe hukuona hii ukiwa pale kwa sababu ukisimama chini ya turubai dakika chache macho na ubongo vinazoea, vinakurekebishia bila kukuuliza. Kamera nayo hujaribu lakini hukisia tu. Na sacharesheni haiwezi kukuletea rangi ambayo haikuingia kwa kamera, inakuza ile imeipata, na ulichokuwa nacho ni bluu na kijani, ndio maana sukuma ikawa plastiki na nyanya zikabaki pale pale.

Rudi kwa mama, mwombe ruhusa tena, na uende kama saa kumi na moja na nusu jioni jua likiwa linaingia kwa upande, chini ya turubai. Hapa Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na linashuka haraka kwa sababu ikweta iko karibu, kwa hivo usichelewe, ule mwangaza mzuri haukungojei. Beba karatasi nyeupe, iweke kando ya nyanya upige picha moja nayo, alafu ukifungua Snapseed ama Lightroom, zile app za kurekebisha picha, tafuta ile alama ya kitone cha kupimia nyeupe, guza karatasi, rangi zote zitajipanga. Mipangilio hiyo hiyo unaiweka kwa picha zingine za mahali hapo.

Baada ya hapo usiguse nyanya. Naomba sana. Shika kijani peke yake, ipunguze ukali kidogo na uifanye iwe giza kidogo, alafu uangalie nyanya: zitapanda kama umezimwagia maji, na hujaziguza. Hapa ndipo kazi yako ya darasa ilipo, maana uliulizwa uhusiano wa rangi na wewe ukapiga rangi mbili zikiwa zimekaa karibu tu. Rangi inaonekana vile inaonekana kwa sababu ya jirani yake.

Huko Ufaransa kulikuwa na mkemia anaitwa Chevreul, alikuwa msimamizi wa kupaka nyuzi rangi kwa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akapima ile rangi akakuta haina shida yoyote, shida ilikuwa nyuzi za rangi zingine zilizowekwa kando yake. Alichapisha matokeo yake 1839. Ukitaka kuona kwa macho yako chukua trei ya mayai, ile ya kijivu, ukate vipande viwili sawa, kimoja ukiweke juu ya kitenge chekundu na kingine juu ya kitenge cha kijani. Kwa kijani kitakuwa na uwaridi kidogo, kwa nyekundu kitaenda ukijani. Viinue uviweke pamoja mkononi, ni trei ile ile! Mimi hufanya hii na kila darasa jipya na bado hunishangaza.

Mwalimu, mimi ni mzazi, Buruburu. Kijana wangu anapenda kuchora, shuleni wamefundishwa kwamba rangi inayopingana na manjano ni zambarau, lakini kwa kompyuta ya dadake manjano inapingana na bluu. Wamegombana wiki nzima. Nani ako sawa? Na vivuli vya maembe yake hukaa vichafu, nimsaidieje?

Mama, wote wako sawa, waambie wapatane. Dada anafanya kazi na mwangaza. Mwambie kijana adondoshe tone dogo sana la maji kwa kioo cha simu iliyowashwa, mahali peupe, aangalie ndani ya tone: ataona vidoti vyekundu, vya kijani na vya bluu, hakuna kingine, na hivyo vikijumlishwa ndio nyeupe. Nyekundu na kijani za mwangaza zikikutana zinazaa manjano, kwa hivo inayobaki upande wa pili ni bluu. Kijana naye anatumia penseli, na penseli kazi yake ni kumeza mwangaza, kila safu unayoongeza inameza zaidi, ndio nyekundu na kijani kwa karatasi zinakupa kahawia. Kila mmoja afuate gurudumu la rangi la chombo chake, ule mduara ambao rangi zinazopingana hukaa zikiangaliana.

Kuhusu embe, naona kivuli anaweka nyeusi. Aifiche hiyo penseli nyeusi mwezi mmoja. Apake zambarau kwanza, nyepesi kabisa, upande wa kivuli, alafu manjano na machungwa juu yake pole pole. Kivuli kitakuwa na joto, embe litakaa mviringo. Na umuwekee embe lenyewe mezani karibu na dirisha, asichore kutoka kichwani.

Mwalimu, nilipiga majani na maua ya jacaranda Oktoba, kwa simu ni zambarau tamu sana, nikaprinti tauni ikatoka kama bluu chafu. Printa imeharibika?

Labda iko sawa kabisa. Simu inawaka, karatasi haiwaki, na zambarau ya jacaranda ni kati ya rangi ngumu zaidi kwa wino wa printa, yaani saiyani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi, ikizidi kidogo tu saiyani inahamia bluu. Vuta hiyo zambarau kidogo kuelekea majenta kabla ya kuprinti, na kama unayo ile ambapo basi la shule la manjano limepita chini ya mti, printi hiyo, manjano itainua maua hata wino ukiwa dhaifu. Printi kwanza ndogo moja, utoke nayo nje ya duka uiangalie mchana, usiiamue chini ya tyubu za pale ndani.