Mwalimu, hizo kuni za jikoni ni za nani?

SWALI: Salaam sana ndugu zangu wa gazeti. Mi ni mwalimu wa sekondari huku Kasese, Uganda, nasimamia pia klabu ya mazingira. Wiki iliyopita niko S2, yaani kidato cha pili, nafundisha hasara za kukata miti, kijana mmoja akanyosha mkono akasema mwalimu, sasa ile lori ya kuni iliyoingia asubuhi hapo jikoni ni ya nani? Darasa lote likacheka, mi nikakosa jibu nikawaambia wanyamaze. Hilo jambo linanisumbua mpaka leo. Nijipangeje?
Mwalimu, Kasese

JIBU: Pole mwalimu wangu, lakini huyo kijana usimpoteze kabisa. Rudi darasani umwambie mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa zuri na wewe ndo ulikosea kumnyamazisha. Watoto wa Kasese mazingira hawayajui kwa kitabu tu, mafuriko ya mto Nyamwamba waliyaona Mei 2013 na tena Mei 2020, hiyo mara ya pili maji yakaingia mpaka hospitali ya Kilembe, na hapo juu milima ya Rwenzori barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 2 mwaka 1987 lakini kufika 2003 haikufika hata 1. Kwamba kuna shida wanajua. Wanachokosa ni mtu mzima wa kukaa nao waangalie hiyo shida pale inapoanzia, hata kama inaanzia kwenye sufuria ya posho (ugali) yao wenyewe.

Na hii si mambo yako peke yako, wataalamu wamebishana miaka mingi. Mkutano wa kimataifa wa Tbilisi wa 1977 ulisema elimu ya mazingira impe mtu ujuzi na uwezo wa kutatua matatizo, sio habari tu za kukariri. Baada ya mkutano wa dunia wa mazingira wa Rio 1992 ikaja lugha ya elimu kwa ajili ya maendeleo endelevu, na mwaka huohuo mwalimu mmoja wa Kanada, Bob Jickling, akapinga, akisema kazi ya elimu ni kumfundisha mtoto afikiri mwenyewe, sio kumsukuma kwenye jibu ambalo wakubwa wameshalichagua. Mi nakubaliana naye sana, manake ukishamwambia mtoto "usikate mti" halafu anakula maharage yaliyopikwa kwa mti, kitu anachojifunza ni kwamba wakubwa wanasema tu.

Sasa fanya hivi. Omba mzani, ule wa kupimia kahawa unatosha, klabu ipime kuni zote zinazoingia jikoni wiki moja, wagawe kwa idadi ya wanafunzi, waandike. Halafu waende kwa mpishi, na waende kwa heshima, wamuulize yeye, sababu hakuna anayejua hizo kuni kama yeye. Mwaka jana niliingia jikoni la shule moja Fort Portal, mama mpishi anafuta macho na leso, kuni mbichi zinachemka povu huko mwishoni, moshi umejaa mpaka ukuta umekuwa mweusi kama lami. Akaniambia mwanangu, hizi zikikauka napika na nusu. Hajasoma fizikia lakini amesema kweli, moto wa kuni mbichi unamalizika kwanza kukausha maji yaliyo ndani ya mti ndo uanze kupika. Kwa hiyo zipasuliwe, zikae chini ya mabati tangu likizo. Maharage yaroweke usiku, yataiva haraka. Na jiko la mafiga matatu lijengwe upya kwa udongo na matofali, liwe na dohani. Shamba la shule wapande miti ya kaliandra au musambya, ukikata inachipua tena, ila kalitunsi (mkaratusi) msiiweke karibu na mto, inakunywa maji sana.

Namba zikishapatikana watoto wenyewe wakae na hedimasta wamuonyeshe. Mtaala mpya tangu 2020 unataka kazi za mradi, hii ni mradi kamili.

SWALI: Hapa Hoima mwanangu ametoka shule anasema bomba la mafuta ni baya, babake anafanya kazi huko huko. Nani mkweli?
Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, bomba ni kilomita 1,443 mpaka Tanga, linapita mashamba ya watu na mafuta yakichomwa yanaongeza joto duniani, hiyo kweli. Mshahara wa mzee unalipa ada, na hiyo pia kweli. Mwambie mwanao amuulize baba yake jioni wakiwa wanakula, amuulize anafanya nini huko siku nzima na waliohamishwa kupisha bomba wamelipwaje, halafu hayo majibu ayapeleke kwa mwalimu wake.