Simu iliyoita chini ya godoro la dogo

Ijumaa iliyopita dogo karudi nyumbani na cheti chake cha VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nikakipiga picha nikaweka status, nikalala nimevimba kichwa kama mimi ndo nimefaulu. Jumapili naamka nakuta meseji ya dada mmoja wa Vingunguti. "Kaka hongera, mi mdogo wangu ana miaka 15, anarudi saa nane usiku na viatu ambavyo hakuna aliyemnunulia. Nifanyeje?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa hapa, maana mnaonisoma najua ni watu mnaohangaika kuinua familia zenu na kila familia ina wa kwake.

Dada, nianze na kitu ambacho hata mke wangu sijawahi kumwambia chote. Mi nilikuwa najua.

Ilikuwa Septemba 2022, baada ya yale mauaji ya Kawe, Dar nzima ni Panya Road, Panya Road, yale makundi ya vijana wanaovamia watu kwa mapanga, kwa sisi wakongwe ilikuwa kama Januari 2015 imerudi, ile jioni watu walifunga maduka wakatimua mbio na wengi hata huyo panya mwenyewe hawakumwona. Msako ukaanza, vijana wanazolewa vijiweni. Dogo alikuwa na miaka 16. Tunakaa Mbagala, mimi, mke wangu, bibi na yeye. Usiku mmoja saa tisa nasikia simu inaita, si yangu, si ya bibi, inaita chini ya godoro la dogo na dogo mwenyewe hayupo. Nikainua godoro. Soksi ya shule, ndani yake simu tatu. Inayoita ilikuwa imepasuka kioo kwenye kona, jina linalotokea ni "Mume wangu", ikakata, nikaona picha ya mbele, mtoto mdogo kapakwa keki usoni anacheka. Ikaita tena. Sikupokea. Nikazima zote tatu, nikazirudisha kwenye soksi, nikaenda kulala. Yani nililala kabisa.

Niliogopa aibu, hakuna kingine. Bibi anaheshimika msikitini, na mimi gereji yangu ya kuchomelea mageti iko pale barabarani, wateja wangu ndo hao hao wanaoibiwa simu. Nikajipa moyo kwamba nitaongea naye kiutu uzima. Asubuhi kuongea kwenyewe nikampiga, naye akahama kabisa kulala nyumbani. Sasa jiulize nilikuwa namlinda nani, maana mtaani kwetu kibaka akishikwa hawaiti polisi, wanaita tairi.

Wiki ya pili akazolewa. Kituo kimoja hivi walimlaza na watu wazima siku mbili, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto na hatakiwi kuchanganywa na wakubwa, ila mi nilikuwa sijui, nilisimama pale kaunta kama mbuzi. Hapo ndo nikaenda kwa mjumbe, yule mama niliyekuwa namkwepa njiani wiki nzima. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, sisi tunajua tangu mwezi wa sita. Tulikuwa tunakusubiri uje." Akajifunga kanga yake vizuri, tukaenda wote kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, na yule afisa ndo alifungua kinywa kituoni mpaka dogo akatoka. Simu nikazipeleka mwenyewe. Mwenye picha ya keki alipatikana, nikamlipa kioo, hakunisalimia na sikumlaumu.

Sasa ushauri. Kwanza usifiche. Nenda kwa mjumbe, nenda kwa afisa ustawi, hao watu wapo, na mshahara wa huyo afisa ni kodi yako. Kwetu bibi alikuwa mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, hela ilikuwa inakuja kila miezi miwili na sharti ni watoto wa kaya wahudhurie shule, na dogo alikuwa haendi, tena sisi ndo tulikuwa tunamfichia! Tungesema mapema lingeshikwa mapema. Pili, jioni. Mtoto wa Mbagala anaharibika kuanzia saa kumi na moja mpaka saa nne usiku, hayo masaa mpe kazi. Mi nilimleta gereji, mwezi wa kwanza anasugua kutu tu, ananuna, ananuka kijiwe, nikavumilia. Ukishajua kazi kuna utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mtaani, unapimwa unapewa cheti, ndo hicho mlichokiona status. Tatu, narudia, usifiche.

Na msije mkadhani mipango inakufuata nyumbani, mipango inafuatwa. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, tulikuwa watano, katiba ya kikundi tumemaliza, muhtasari umegongwa muhuri, Aprili 2023 ikasimamishwa nchi nzima. Nilikuwa nimeshaahidi vijana wawili wa kijiweni kazi kwenye mashine mpya. Mmoja wao yuko gereza la Segerea leo. Iliporudi 2024 tukaomba upya, ofisi moja ikapoteza faili letu mara mbili, mpaka leo nikipita pale tumbo linakaza. Tulipata mara ya tatu. Wazazi mnaolalamika kwamba serikali haifanyi kitu, wangapi mmewahi hata kukaa kwenye mkutano wa mtaa mpaka mwisho? Mnakuja kusaini posho haipo mnaondoka, halafu mtoto akichomwa mnalia mbele ya kamera.

Samahani, nimepanda mimbari. Hili jambo bado linaniuma.

Dada wa Vingunguti, hivyo viatu usivitupe na usimpige. Kesho mapema nenda kwa mjumbe wako kabla hajatoka. Jumamosi mlete mdogo wako gereji, dogo atakuwepo, ataongea naye lugha wanayoelewana kuliko mimi. Ila mwambie asije na ndala, cheche zinaunguza.