Re: Ile ya polisi wa Hong Kong na Mmarekani mwenye domo ni sehemu ya ngapi?

Salaam mkuu. Kwa maelezo yako, unatafuta ile filamu ya polisi wawili wasioivana, mmoja mtu wa mateke, mwingine hafungi mdomo, ila hukumbuki uliona sehemu ipi. Hiyo ni Rush Hour, Jackie Chan na Chris Tucker. Zipo tatu: 1998, 2001 na 2007.

Angalia mji kwanza. Binti wa konseli wa China katekwa Los Angeles? Ya kwanza. Wanaanzia Hong Kong na kuishia kasino ya Las Vegas? Ya pili. Wakipigania juu ya mnara wa Eiffel, ya tatu.

Usifuate vile vipande vya waigizaji wakikosea mwishoni, zote tatu vimo. Mimi vilinipoteza, nikarudia filamu nzima bure (si kwamba nilijuta).

Halafu umesema jamaa anapigana huku anadaka mitungi ya kale isivunjike. Hapo naona umeshajijibu: ni ya 1998, kwenye yale maonyesho ya mwishoni. Anapigwa ngumi, mikono imejaa mitungi!