Maswali ya wasomaji: Higonokami, kisu cha kukunja cha Kijapani

Nataka kununua higonokami kwa ajili ya kuchonga vijiti na kuchongea penseli. Wauzaji wanazo za rangi na bei mbalimbali, na zote naziona sawa. Nianzie wapi kuchagua?
*Msomaji, mchongaji anayeanza*

Anzia kwenye bapa. Rangi ya mpini iache mwisho kabisa. Mpini wa higonokami ni bati moja tu la chuma au la shaba ya njano lililokunjwa, na mweusi hauongezi wala haupunguzi ukali hata chembe. Shaba huacha harufu mkononi na hupoteza mng'aro. Wapo wanaoipendea hiyohiyo.

Feleji ndiyo inayotofautisha kisu na kisu. Za bei ya chini hutengenezwa kwa feleji ya kaboni ya kawaida, iitwayo SK. Inanoleka upesi na inakufa makali upesi. Juu yake ipo aogami, maana yake "karatasi ya buluu", jina lililotokana na rangi ya karatasi inayobandikwa kwenye feleji hiyo kiwandani ili kuitambulisha. Ina takriban asilimia 1 ya kaboni au zaidi kidogo, ikiongezewa kromiamu na tungsteni, kwa hiyo makali yake hudumu. Shirogami, "karatasi nyeupe", haina viongezo hivyo. Hunoleka kirahisi zaidi, ila haidumu kama ya buluu. Kwa kuchonga mbao, aogami inafaa tofauti ya bei.

Ukikuta neno warikomi, ujue feleji ngumu imebanwa katikati ya chuma laini, kama nyama ndani ya mkate. Makali yanakuwa magumu, na mgongo hauvunjiki ovyo.

Kisha kishike mkononi. Kikiwa kimefungwa, kielekeze chini: bapa lisidondoke lenyewe. Kifungue na ulisukume bapa kushoto na kulia. Mchezo mdogo unavumilika, ila likiyumba waziwazi, kiache. Kifunge tena, ukitazame kwenye mwanga: makali yakae katikati ya mpini, yasikwaruze ukuta wa upande wowote. Ncha nayo izame yote ndani. Ncha inayochungulia nje itakuchoma mfukoni.

Jina nalo liangalie. Higonokami ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na mtengenezaji aliyebaki mwenye haki ya kuitumia ni Nagao Kanekoma wa mji wa Miki, mkoa wa Hyogo, ambako visu hivi vimetengenezwa tangu miaka ya 1890. Vyenye umbo hilo kutoka kwa wengine vipo, na baadhi ni vizuri, lakini visiuzwe kwa jina hilo.

Hakina kufuli wala springi. Hakitanifunga vidole?

Kitakufunga ukikitumia vibaya. Kile kimkia kinachochomoza nyuma ya bapa, chikiri, ndicho cha kufungulia, na kisu kikishafunguka hulala juu ya mgongo wa mpini. Kidole gumba au kiganja kikikikandamiza, bapa haliendi popote. Yaani kufuli ni mkono wako. Hatari iko kwenye kuchoma kwa ncha na kubanjua, kwa sababu hapo nguvu huangukia mgongo wa bapa na kulisukuma lijikunje. Kata tu. Unapokifunga, shika mpini kwa ubavuni, vidole visipite kwenye mdomo wake.

Kipya lakini hakikati vizuri. Nimeuziwa kibovu?

Si lazima. Mara nyingi makali ya kiwandani ni ya kuanzia tu, ya kumaliziwa na mwenye kisu. Loweka kinoo cha maji cha namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) kama dakika 10, kama ni cha aina ya kulowekwa. Mteremko wa bapa ulaze wote juu ya jiwe, usiinue mgongo: ubavu wa higonokami hushuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Sugua upande mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma ukwaruze kidole upande wa pili, kuanzia shina hadi ncha. Geuza, rudia, kisha malizia kwa kinoo cha namba 3000 au zaidi.

Ukichonga mbao ngumu, makali membamba hivyo yatamegeka. Inua mgongo kidogo sana na upitishe mara 3 hadi 5 kila upande, bila kukandamiza. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu feleji.

Bapa limeanza kubadilika rangi. Ni kutu?

Kijivu au buluu iliyofifia ni utando usiodhuru, uache. Rangi ya machungwa ndiyo kutu, iondoe mapema. Kikaushe kila baada ya kukitumia na ukipake tone la mafuta ya kamelia, kama wafanyavyo Wajapani. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hutunza unyevu.

Kimelegea baada ya muda. Kinakazwa vipi?

Weka kichwa kimoja cha ribiti, yaani msumari unaoshikilia bapa kwenye mpini, juu ya kipande cha chuma tambarare, kigonge cha pili kwa nyundo ndogo, pole, mara mbili au tatu, kisha jaribu. Rudia ikibidi. Pigo moja kubwa hukikaza hata kisifunguke, na kukilegeza tena ni kazi kubwa kuliko kukikaza.

Nikiwa Japani naweza kutembea nacho?

Sheria ya huko inakataza kubeba kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi. Cha kukunja kisicho na kufuli kinaachwa nje ya katazo hilo iwapo bapa halizidi urefu wa sentimita 8, upana wa sentimita 1.5 na unene wa sentimita 0.25. Pima upana pia, maana ndipo kisu kikubwa kinapoweza kukwama. Hata kikiwa ndani ya vipimo, kukificha mwilini bila sababu ni kosa dogo chini ya sheria nyingine, na "kujilinda" hakuhesabiwi kuwa sababu. Kifunge ndani ya mzigo pamoja na vifaa vyako vya kuchongea.

Natumia mkono wa kushoto.

Hakuna tatizo. Chikiri iko mgongoni, na bapa limenolewa pande zote mbili.